Mozart, kiharusi na deni langu kwa wasikilizaji

NINA deni kwa wasikilizaji wangu, nalo lina umri wa zaidi ya miaka ishirini. Wiki hii nimeamua kulilipa, kwanza redioni na sasa hapa gazetini, kwa sababu habari niliyoitangaza mwaka 2003 bado inazunguka mitaani kwetu. Juzi tu nimeikuta imebandikwa kwenye ukuta wa shule moja ya chekechea, kwa herufi kubwa za rangi: muziki wa Mozart humwongezea mtoto akili.

Mwaka huo 2003 nilikuwa mtangazaji chipukizi, nimetoka chuo na stashahada yangu ya uandishi wa habari bado inanukia wino, nimepewa kipindi cha alfajiri ambacho wakubwa hawakukitaka. Siku moja zilibaki dakika tatu kabla ya taarifa ya habari, na sikuwa na cha kuzijazia. Juu ya meza palikuwa na gazeti la Kiingereza. Nikatafsiri habari fupi kwamba wataalamu wa Marekani wamegundua kuwa mtoto akisikilizishwa muziki wa Mozart huwa hodari darasani, nikaisoma kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema. Sikumuuliza mtu, sikutafuta utafiti wenyewe, wala sikujua ulifanyika mwaka gani.

Baada ya wiki ikaja barua. Mama mmoja mwenye mtoto wa darasa la saba aliniandikia kwamba amezunguka maduka ya kanda Kariakoo nzima akimtafuta huyo Mozart, hatimaye amempata kwa bei ambayo hakuitaja lakini alisema ilimuuma. Akaongeza kwamba tangu anisikie amezima taarabu na dansi nyumbani kwake mpaka mtihani upite, asije akamharibu mwanawe ubongo. Niliifurahia mno barua ile. Niliisoma hewani kesho yake ili wenzangu chumba cha habari wajue kuwa kipindi cha alfajiri kina wasikilizaji.

Hebu sasa tuone habari yenyewe ilikotoka.

Tarehe 14 Oktoba 1993, jarida la sayansi la Nature la Uingereza lilichapisha andiko la ukurasa mmoja. Waandishi walikuwa watatu wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Irvine: Frances Rauscher, ambaye kabla ya kuingia kwenye saikolojia alikuwa mpiga cello, Gordon Shaw, mwanafizikia, na Katherine Ky. Walichukua wanafunzi 36 wa chuo. Kila mmoja alisikiliza kwa dakika 10 sonata ya piano mbili ambayo Mozart aliitunga mwaka 1781. Wakati mwingine akasikiliza kwa dakika 10 kanda ya maelekezo ya kujituliza. Na wakati mwingine akakaa dakika 10 kimya. Kila baada ya dakika hizo alipewa majaribio ya kukadiria maumbo. Mojawapo lilikuwa la kutazama picha ya karatasi inayokunjwa na kukatwa, kisha kutambua itaonekanaje ikikunjuliwa. Fundi cherehani yeyote huifanya hesabu hiyo kichwani kila anapokunja kitambaa mara nne ili akate shingo ya kanzu.

Wanafunzi walipata alama za juu zaidi baada ya Mozart. Zilipogeuzwa kuwa kipimo cha akili, tofauti ilikuwa alama nane hadi tisa. Na ukurasa huo huo ulieleza wazi kwamba nguvu hiyo haikuzidi dakika 10 hadi 15, yaani muda wa jaribio lenyewe. Basi, ni hayo tu. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja katika utafiti ule, wala mjamzito, wala mwanafunzi wa shule ya msingi, wala somo la hesabu.

Watoto waliingizwa na sisi waandishi wa habari. Watafiti wawili, Adrian Bangerter na Chip Heath, walichapisha mwaka 2004 kazi ambayo mwandishi yeyote angefaa kuisoma kabla ya kushika kipaza sauti. Waliyapekua magazeti ya Marekani ya miaka ile na kufuatilia jinsi habari ya Mozart ilivyobadilika njiani: mwanzoni ilihusu wanafunzi wa chuo, kama ilivyokuwa kweli, halafu taratibu ikawa ya watoto, halafu ya watoto wachanga. Waliona pia jambo linalonigusa zaidi. Habari hiyo ilipata nafasi kubwa katika majimbo ambako walimu walilipwa kidogo na wanafunzi walifanya vibaya kwenye mitihani. Pale ambapo shule zilisumbua, wazazi walihitaji matumaini, na kanda ya muziki ni rahisi kuipata kuliko mwalimu wa hesabu.

Wanasiasa hawakuchelewa. Januari 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia, alisimama mbele ya wabunge wa jimbo lake, akawapigia kipande cha muziki wa Beethoven, kisha akaomba dola 105,000 katika bajeti ili kila familia inayopata mtoto, kiasi cha vizazi 100,000 kwa mwaka, ipewe kanda au sidii ya muziki wa aina hiyo. Mwaka huo huo jimbo la Florida lilipitisha sheria kwamba vituo vya kulelea watoto vinavyopata fedha za serikali vipige muziki huo kila siku. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimeshatoka kitabu cha Don Campbell kuhusu nguvu za Mozart, na jina la nguvu hizo akalisajili kama alama ya biashara. Mozart mwenyewe, aliyefariki Vienna mwaka 1791 akiwa na madeni, asingeamini.

Wakati huo wataalamu wengine walikuwa wanarudia jaribio, kama sayansi inavyotaka. Mwaka 1999 Nature hiyo hiyo ilichapisha hesabu za Christopher Chabris, aliyezijumlisha tafiti 16. Zile alama nane au tisa zilishuka na kuwa moja na kitu, kiasi ambacho mtu angeweza kukipata kwa bahati tu. Huko Kanada, Kristin Nantais na Glenn Schellenberg waliwapa wanafunzi uchaguzi mwingine: Mozart, au hadithi ya Stephen King ikisomwa kwenye kanda. Waliopenda hadithi kuliko muziki walifanya vizuri zaidi baada ya hadithi. Ilikuwa wazi kwamba Mozart hana siri yake peke yake. Mtu akisikia kitu anachokifurahia, moyo huchangamka na usingizi huondoka, na kwa dakika chache kichwa hufanya kazi vizuri kidogo. Kikombe cha chai nzito huenda kingetosha.

Kule Uingereza, kwa ushirikiano na BBC, zaidi ya watoto 8,000 wa miaka 10 na 11 walijaribiwa mwaka 1996. Wengine walisikiliza Mozart, wengine mazungumzo, wengine nyimbo za vijana zilizovuma wakati ule, zikiwemo za bendi ya Blur. Schellenberg na Susan Hallam walipochapisha matokeo mwaka 2005, ilionekana kwamba katika jaribio la karatasi waliofanya vizuri zaidi ni wale wa nyimbo za vijana. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama na redio yake aliyoizima. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, mji ule ule wa Mozart, walijumlisha tafiti takriban 40 zenye watu zaidi ya 3,000, na wao pia hawakuona cha pekee kwake.

Nilipoisoma habari ile alfajiri ya mwaka 2003, ilikuwa imepita miaka minne tangu Chabris achapishe hesabu zake. Nilikuwa natangaza maiti nikidhani ni bwana harusi.

Hiyo ni nusu ya deni. Nusu ya pili ni nzito zaidi, na yenyewe haina uhusiano na Mozart.

Mwaka 2009 baba yangu mdogo, fundi cherehani wa Tanga, alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakamtoka. Alielewa unachomwambia: ukisema lete kikombe, alikigusa kwa mkono wa kushoto, ukisema jambo la kuchekesha, alicheka. Lakini yeye mwenyewe alibaki na neno moja tu, "ndiyo", ambalo alilitumia hata alipotaka kusema hapana, na hapo alijipiga paja kwa hasira. Hospitalini walimtibu shinikizo la damu, wakamruhusu kurudi nyumbani. Kuhusu kusema, tuliambiwa tusubiri.

Jumamosi moja usiku, mwezi wa tatu hivi tangu augue, redio ya jirani ilikuwa inapiga zilipendwa. Ukaja wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, ambaye baba mdogo alimpenda tangu ujana wake. Mama mdogo alikuwa jikoni, mimi nilikuwa barazani. Tukamsikia anaimba. Hakuwa ananguruma, alikuwa anaimba maneno, ubeti wa kwanza na wa pili, yametamkwa sawasawa, kila moja mahali pake. Mama mdogo alidondosha upawa. Wimbo ulipokwisha nikapiga magoti nikamwambia, "Baba, sema neno." Akanitazama machozi yanamtoka, akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

Sisi wawili tuliona muujiza. Shangazi alipopata habari aliona kitu kingine kabisa. Kulikuwa na kiwanja cha marehemu babu, na hati yake alikuwa anaijua baba mdogo peke yake. Shangazi akaja asubuhi, akakaa mkekani, akauliza mbele ya watu wote, "Mtu anayeweza kuimba beti mbili anashindwaje kusema hati iko wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi mtu wa redio, msomi wa ukoo, sikuwa nalo. Tangu siku ile nusu ya ukoo iliamini kwamba baba mdogo anajifanya bubu ili ale kiwanja. Wengine waliacha kuja. Alifariki mwaka 2012, na hata msibani nilisikia mtu akinong'ona kwamba kaondoka na siri yake.

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji, jibu la swali la shangazi lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 1745. Mswidi Olof Dalin alieleza, katika maandiko ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha nchi yake, habari za mtoto wa mkulima mwenye umri wa miaka 33 aliyepooza upande wote wa kulia na kupoteza usemi. Alibaki na neno moja, nalo ni lile lile: ndiyo. Lakini nyimbo za kanisani alizojifunza kabla ya kuugua aliziimba wazi kama mtu mzima wa afya, mradi mtu mwingine amwanzishie kidogo. Nilipoisoma habari hiyo, miaka kadhaa baada ya msiba, niliweka karatasi chini nikatoka nje. Ningekuwa sijui ya Uswidi, ningeapa kwamba mwandishi alikaa baraza ya baba mdogo.

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alionyesha sababu. Mgonjwa wake Leborgne, ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", alifariki, na Broca alipouchunguza ubongo akakuta jeraha mbele, upande wa kushoto. Kwa watu wengi kazi ya kuunda maneno hufanyika katika nusu hiyo ya kushoto, ambayo pia ndiyo inayoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana vyote viwili mara nyingi hupotea pamoja. Kuimba lakini ni shughuli ya ubongo mzima, na nusu ya kulia ina sehemu kubwa ndani yake. Tena wimbo uliouzoea tangu ujana haujengwi neno kwa neno. Umehifadhiwa mzima mzima, na ukishika ncha, mengine yanafuata yenyewe, kama tunavyohesabu moja hadi kumi au kusoma dua bila kufikiri. Kusema "hati iko kwa fulani" ni kazi nyingine: lazima utafute kila neno na kulipanga upya, na fundi wa kazi hiyo ndiye aliyeumia. Baba mdogo hakuwa anajifanya. Alikuwa na nyimbo, hakuwa na maneno.

Mwaka 1973, kwenye hospitali ya askari wastaafu ya mjini Boston, Marekani, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walijaribu kuligeuza jambo hilo kuwa tiba. Wagonjwa wao walikuwa wa aina ya baba mdogo, wanaoelewa lakini hawasemi. Mtaalamu huchagua kifungu kifupi cha kila siku, mathalani "nataka maji", na kukiimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, taratibu, huku akigonga mkono wa kushoto wa mgonjwa mezani mara moja kwa kila silabi. Mgonjwa huimba pamoja naye, halafu peke yake, halafu kifungu kinarefushwa. Mwishoni tuni huondolewa kidogo kidogo mpaka kibaki kama usemi wa kawaida. Ni kazi ya wiki nyingi, si ya siku moja.

Sitaki kurudia kosa la mwaka 2003, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Wataalamu hawajakubaliana ni nini hasa kinachosaidia. Mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa wao mapigo na maneno yaliyozoeleka vilikuwa na uzito kuliko tuni. Na wengi hufaidika zaidi kwenye vifungu walivyofanyia mazoezi kuliko kwenye mazungumzo ya kawaida. Lakini wapo waliofika mbali. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa upande wa kushoto mjini Tucson tarehe 8 Januari 2011, alianza kurudisha usemi wake Houston akisaidiwa, pamoja na tiba nyingine, na nyimbo.

Kuna na la pili, ambalo halihitaji hata mtaalamu. Huko Helsinki, Ufini, Teppo Särkämö na wenzake waliwagawa wagonjwa 60 wa kiharusi katika makundi matatu kwa kura. Kundi moja lilisikiliza kila siku, kwa miezi miwili, muziki ambao wagonjwa walijichagulia wenyewe. La pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa. La tatu halikupewa kitu zaidi ya matibabu ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Baada ya miezi mitatu, kumbukumbu ya maneno ilikuwa imepanda kwa asilimia 60 katika kundi la muziki, 18 katika kundi la vitabu, na 29 katika kundi la tatu. Wa muziki walikuwa pia na huzuni kidogo kuliko wasiosikiliza chochote. Ni utafiti mmoja na watu wenyewe ni 60, lakini angalau ulifanywa kwa wagonjwa wenyewe wa kiharusi. Angalia pia kwamba hawakuchaguliwa muziki. Sisi wa pwani tusishangae sana. Katika ngoma za kupunga, kila pepo ana wimbo wake, na fundi huendelea kubadilisha mapigo mpaka mgonjwa atikisike. Sisemi kiharusi ni pepo, nisije nikaandikiwa barua nyingine. Nasema tu kwamba wazee walijua huwezi kumpigia kila mtu wimbo mmoja.

Mwaka jana, siku ya Idd, nilimsimulia shangazi habari za yule Mswidi. Sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri. Alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Hayo walijua mwaka gani?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Na nyie wa redio mlikuwa mnatangaza nini?" Sikumtajia Mozart.

Kwa hiyo nasema sasa, kwa wenye mgonjwa nyumbani. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakichanganyika, usisubiri kuche: hospitali upesi, kwa maana saa chache za mwanzo ndizo zinazookoa ubongo. Baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani na usemi haurudi, ulizeni kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache mno nchini, hilo najua, lakini ulizeni. Mwekeeni muziki alioupenda yeye, si mnaoupenda ninyi. Akiimba, imbeni naye, mwanzisheni mkikwama. Na kama akiimba halafu ashindwe kuomba maji, msimwite mwongo.

Na kwa yule mama wa mwaka 2003, kama bado unanisikiliza: mwanao sasa ni mtu mzima, na sijui alifauluje. Kanda uliyoinunua haikuwa na ubaya wowote, ila haikuhitajika. Taarabu uliyoizima haikuwa inamdhuru. Mimi ndiye niliyesema uongo, na bei ya kanda ile ningeirudisha kama ungeitaja.